Mbwa Kanuna, Paka Kagoma: Anzia Hapa Kabla Hujamwadhibu

Simu nyingi ninazopokea zina neno "ghafla". Paka kaanza kukojoa kitandani ghafla. Mbwa kamkenulia mtoto meno ghafla. Nikidodosa kidogo naambiwa kumbe paka amekuwa akienda kwenye mchanga wake wa choo kila mara wiki nzima, na mbwa aliacha kupanda ngazi tangu mwezi uliopita. Mimi ni daktari wa mifugo, na wagonjwa wangu karibu wote ni mbwa na paka wa nyumbani. Msimamo wangu ni huu: tabia ikibadilika, tafuta ugonjwa kwanza. Mafunzo na adabu vije baadaye.

Ili utambue mabadiliko, lazima uijue hali yake akiwa mzima. Msubiri alale fofofo, utazame kifua kikipanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha uzidishe kwa mbili. Mbwa au paka mzima aliyelala hapumui zaidi ya mara 30 kwa dakika. Ukiipata zaidi ya hapo usiku baada ya usiku, mlete nisikilize moyo na mapafu. Kisha inua mdomo wake wa juu uangalie fizi: ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole, uachie. Pale palipokuwa peupe parudie rangi ndani ya sekunde mbili. Wapo mbwa wenye fizi nyeusi tangu kuzaliwa, hao waangalie upande wa ndani wa kope la chini.

Kuhusu pua kavu, sahau. Pua ya mbwa hukauka akilala na kulowa akiamka, haikuambii lolote kuhusu homa. Homa hupimwa kwa kipimajoto chenye kupakwa mafuta, kinachoingizwa taratibu kwenye njia ya haja kubwa huku mtu mwingine akimshika. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukiona 38.5 ukadhani mnyama anaungua. Akiwa ametulia na kipimo kikavuka 39.5, hapo ana homa. Lakini mbwa aliyetoka kukimbia, au paka aliyeogopa, joto lake hupanda bila kuumwa.

Paka dume anayekwenda kwenye mchanga na kurudi

Hapa nataka usome polepole, maana ndipo ninapopoteza wagonjwa ambao wangepona.

Anachuchumaa, mgongo umepinda, mkia unatetemeka. Anakaa hapo muda mrefu, anatoka, anajilamba sehemu za siri, anarudi tena. Pengine analia. Mwenye paka anadhani ni kufunga choo, anampa mafuta anywe. Ndugu yangu, usianze na mafuta. Chekecha mchanga uone kama kuna bonge lililolowa. Kama hakuna, au kuna matone tu yenye damu, chukulia kwamba njia ya mkojo imeziba. Ya dume ni ndefu na nyembamba, na chembechembe za madini zikichanganyika na ute huiziba kabisa. Mkojo unarudi nyuma kwenye figo, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Usimminye tumbo, kibofu kilichojaa hupasuka. Usingoje asubuhi.

Sasa, kama mkojo unatoka vizuri ila anakojoa pasipotakiwa, bado napima mkojo kwanza. Ukiwa safi, ndipo tunazungumzia choo chake. Idadi ya trei za mchanga iwe sawa na idadi ya paka, uongeze moja, na zisipangwe zote kwenye kona moja, kwa sababu paka mbabe atazilinda zote kwa pamoja. Toa uchafu kila siku. Mchanga usiwe na manukato. Wewe unayapenda, yeye hayapendi. Trei isikae karibu na chakula wala karibu na mashine ya kufulia inayonguruma. Mahali alipokojoa usipasafishe kwa dawa yenye amonia, kwani inanukia kama mkojo na utakuwa umemwita arudi. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kukuogopa wewe, basi.

Paka anayesimama wima, mkia juu, na kurusha mkojo ukutani ana jambo lake jingine: anaweka alama. Kama hajahasiwa, mhasi.

Kula, kutapika, kuhara

Mbwa mzima akiruka mlo mmoja huku anacheza, sina wasiwasi. Paka ni habari tofauti. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili kwa wingi, yakarundikana kwenye ini likashindwa kazi. Mpashie chakula kidogo kitoe harufu, maana paka mwenye mafua hali kwa sababu hasikii harufu. Saa 24 zikipita bila kugusa kitu, piga simu.

Mbwa mzima aliyetapika mara moja na bado mchangamfu, mwondolee chakula kwa saa chache, umpe maji kidogokidogo badala ya bakuli zima, kisha chakula laini kisicho na mafuta wala viungo. Kijibwa, yaani mtoto wa mbwa, usimnyime chakula hata siku moja, sukari yake hushuka haraka. Na kijibwa asiyemaliza chanjo, anayetapika na kuhara damu yenye harufu kali, huenda ana parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo. Mpigie daktari kabla hujaingia, ili asikae chumba kimoja na wenzake. Kirusi hicho hukaa sakafuni na kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui, kinahitaji klorini. Ndiyo maana nasisitiza chanjo ianze wiki ya 6 hadi ya 8 na irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo isishike, na hatujui itaisha wiki gani, kwa hiyo dozi moja haitoshi.

Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu anayejikakamua kutapika bila kutoa kitu, tumbo likivimba kama ngoma, tumbo lake huenda limejipinda. Huyo ni wa kuondoka naye sasa hivi.

Kabati la dawa lifunge

Parasetamoli inaua paka. Kidonge kimoja kinatosha. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso na miguu vinavimba. Ibuprofeni nayo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, ukimpaka paka, ataanza kutetemeka na kupata degedege. Soma kibandiko. Kimeandikwa "mbwa tu" kwa sababu hiyo. Ongeza kwenye orodha ya marufuku chokoleti, zabibu, vitunguu, na ubani wa kutafuna wenye zailitoli, ile sukari mbadala. Maua ya yungiyungi (lily) yasiingie kabisa kwenye nyumba yenye paka, hata chavua yake tu inatosha kuua figo.

Viroboto: wale unaowaona mwilini ni wachache, mayai na mabuu yako kwenye zulia na matandiko, kwa hiyo tibu wanyama wote na nyumba kwa pamoja. Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye manyoya ya mkiani, hiyo ni minyoo tegu inayoletwa na viroboto haohao. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja. Hakuna mafuta ya taa, hakuna kiberiti.

Mbwa anayenguruma

Kunguruma ni onyo, na onyo ni jambo jema. Ukimpiga kila anaponguruma, atajifunza kuuma bila kunguruma, na hapo utaniambia "ghafla". Badala yake tafuta panapomuuma. Pandisha mkono taratibu kuanzia kwenye nyonga, ukienda mgongoni hadi shingoni, usome uso wake: kulamba midomo, kugeuza kichwa, weupe wa jicho kujitokeza. Nusa masikio, sikio lenye harufu ya uchachu na nta ya kahawia linauma, na usilichokoe kwa kijiti cha pamba. Fungua mdomo ukimudu, utazame meno ya nyuma. Nimewahi kuletewa mbwa "mkali" ambaye ukali wake wote ulikuwa jino moja lililopasuka.

Akishauma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakiponi, lakini kabla ya hapo kinazuilika.

Ukija kwangu, niletee video ya simu ya kile kinachokusumbua, kwa kuwa mbwa anayechechemea nyumbani hutembea kama askari akifika kliniki. Weka kinyesi kwenye chombo chenye kifuniko. Chukua paketi ya kila dawa uliyompa, hata ile unayoona aibu kuitaja. Na paka aje ndani ya kasha lililofunikwa kitambaa.