Klipu ikitumbukia ndani ya injini ya Vespa: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kuitafuta

La kwanza ni kutulia. Klipu ya pini ya pistoni, yaani kijichuma kinachoizuia pini isitoke, ikikuponyoka ikazama kwenye mdomo wa kranki (uwazi ulio chini ya silinda, mlimo na kranki, shafti inayozungushwa na pistoni), mikono ibaki ilipo. Usipige kiki. Usizungushe flaiwili, lile gurudumu zito kwenye ncha ya kranki, kwa kudhani klipu itajitokeza yenyewe. Wala usiisukume Vespa kuipeleka kivulini, kwa sababu injini yake imeungana na gurudumu la nyuma, na gia ikiwa imeingia, gurudumu likizunguka na kranki inazunguka. Rudisha gia nyutro taratibu, weka chombo kwenye stendi, mwambie kila aliye karibu asiguse kitu.

Nalisisitiza hili kwa sababu Vespa ya ami yangu, aina ya PX, hapa Unguja, iliharibikia hapo. Kijana aliyekuwa akibadilisha pistoni aliangusha klipu, akaona haya kusema, akafunga silinda akitumaini itatokea kwenye ekzosi. Klipu haikutoka. Ami alipopiga kiki mara ya tatu mguu ulikwama, akaongeza nguvu, ikapita kwa mlio mbaya. Tangu siku ile injini ikawa inatema petroli kurudi kwenye kabureta.

Sababu yake ifahamike. Kwenye PX, ambayo Piaggio ya Pontedera, Italia, ilianza kuitoa mwaka 1977, na kwenye Vespa nyingine nyingi za miaka ya nyuma yake, bawa la kranki, yaani ubavu wake mpana wa mviringo, lenyewe ndilo mlango wa kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa. Linapozunguka chini ya kabureta linafungua tundu na kulifunga, likipita karibu mno na uso wa alumini uliochongwa kwa mashine. Mwanya uliopo hapo ni wa unene wa unywele. Klipu ni chuma kigumu, alumini ni laini, kwa hiyo klipu ikibanwa inachimba mfereji na mlango hauzibi tena. Pistoni iliyokwaruzika unanunua nyingine, lakini uso ule ni sehemu ya bodi ya injini, na bodi ya injini ya zamani ni mali adimu. Wenye Bajaj Chetak za kizamani wamo humo humo, maana ni ndugu wa Vespa. Lambretta, skuta nyingine ya zamani, haina mlango wa namna hii, kwani pistoni ndiyo inayofungua na kufunga njia, ila beringi zake zitasagwa vilevile.

Ukishatulia, hakikisha kwamba kitu kimeingia kweli. Vingi vinavyodhaniwa vimo ndani vimo kwenye mkunjo wa suruali, chini ya stendi, au kwenye mapezi ya silinda. Fagia sakafu kwa mkono, si kwa ufagio. Angalia sumaku za flaiwili kama imefunguliwa, kwa kuwa zina nguvu na hunasa klipu, kii ya nusu mwezi (kichuma kinachozuia gurudumu lisiteleze kwenye shafti) au washa, na kitu kikiachwa hapo kitakuja kukata koili za umeme. Kisha panga ulivyofungua juu ya karatasi nyeupe, uhesabu. Klipu iliyokatika iunganishwe vipande vyake. Ikipungua ncha ya milimita mbili, hesabu kuwa ncha hiyo imo ndani mpaka uione kwa macho.

Jambo linalofuata ni chumba gani. Injini ya Vespa ina vyumba vilivyotengana, na kila kimoja kina njia yake. Kii iliyotumbukia upande wa klachi iko kwenye oili pamoja na gia, haiwezi kuruka ikaenda kwa pistoni. Hapo oili inamwagwa kwanza kwenye chombo safi na kuchujwa kwa kitambaa, kiasi chake ni kama robo lita ya SAE 30, na mara nyingine kitu kinafuata oili. Nati iliyoanguka kwenye tundu la kabureta inategemea kranki ilisimama wapi. Kama bawa lilikuwa limeziba tundu, nati imekaa juu yake na utaiona ukimulika, lakini kama tundu lilikuwa wazi, imeshuka chini. Ndiyo maana fundi mwangalifu, akishatoa kabureta na kabla ya kufanya lolote jingine, huzungusha flaiwili mpaka bawa lizibe tundu, halafu anaziba na juu kwa kitambaa. Hilo ni la kabla ya kuangusha. Ukishaangusha, mzunguko umekwisha.

Jua pia kilichoanguka kimetengenezwa kwa nini. Klipu, kii, nati za kawaida na ringi za pistoni vinashikwa na sumaku. Jeti za kabureta, vile vitundu vya kupimia petroli, ni shaba nyeupe, hazishikwi. Washa za alumini hazishikwi, na boliti nyingi za chuma kisichoshika kutu nazo ni hivyohivyo. Kwa hivyo vya pili unatumia grisi nzito kwenye ncha ya kijiti imara au waya laini: gusa, subiri, inua polepole. Chelewa ya ufagio naikataza, inakatika na kukuongezea cha pili cha kutafuta.

Sumaku nayo ina tabu yake. Bodi ni alumini haiivuti, ila kranki na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ni chuma, kwa hiyo fimbo ya sumaku inajibandika ubavuni kabla haijafika chini. Ivalishe mpira mwembamba wa petroli hadi karibu na ncha ili isikwamie njiani. Kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu inafaa sana ukiipata, ukiona kwanza hutaparamia.

Upepo wa kompresa usitumike hata kidogo, unaweza kukisukumia kitu kwenye beringi ya kranki ambako sumaku haifiki. Vilevile mashine ya kufyonza vumbi, kwa kuwa ndani mna mvuke wa petroli na mota yake inatoa cheche. Funga koki ya tangi, chomoa mpira wa petroli, zima sigara ya kila mtu. Mwanga uwe wa tochi, si koroboi wala kiberiti.

Ikishindikana kwa kuvua, usirukie kutenganisha bodi. Kuna hatua ya kati: kuishusha injini na kuigeuza. Kabla ya hapo mwaga oili ya gia, piga picha nyaya zote za gia, klachi, breki na umeme, na uwe na mtu wa pili, maana mmoja anageuza na mwingine anashikilia konrodi isizunguke. Mdomo wa silinda ukitazama chini, piga bodi kwa kiganja, mimina petroli kidogo kupitia tundu la kabureta, na chini pawe na beseni jeupe. Klipu ya mviringo hupenda kukaa kwenye kona, kwa hiyo rudia kwa pembe tofauti. Hapa subira ya nusu saa inaokoa kazi ya siku mbili.

Kutenganisha bodi kukilazimu, usianze mpaka uwe na gasketi mpya, sili mpya za kranki, kifaa cha kung'olea flaiwili kinachofanana na uzi wake, na kifaa cha nati ya klachi. Kutia bisibisi katikati ya nusu mbili ili ziachane ni kosa kubwa. Mkwaruzo unapitisha hewa, mchanganyiko unapungua petroli, pistoni inaungua. Na katika injini nyingi za zamani shafti ya gia inakaa juu ya sindano huru za beringi. Zihesabu zikitoka, la sivyo utakuwa umetafuta klipu moja ukapoteza sindano tatu.

Ukikipata, kilinganishe na mwenzake juu ya ile karatasi nyeupe. Klipu iliyoanguka isirudishwe, nunua jozi mpya. Kabla ya kuzivisha, funga mdomo wa kranki kwa kipande cha kanga kilichochakaa, kikubwa kiasi cha kutoweza kuzama chote, kikizunguka konrodi bila kuacha upenyo. Kitolewe silinda ikiwa tayari kuingia, kisha plagi ikiwa nje, zungusha flaiwili kwa mkono mizunguko mitano sita, polepole, sikio likiwa karibu na bodi.