Somo: Kuhifadhi data yenye sifuri nyingi kwenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne: mauzo ya duka ya kila siku, ambayo mengi ni sifuri, nayahifadhi vipi? Kwa hiyo naweka jibu hapa lote. Una bidhaa 2,000 na siku 365. Hizo ni nafasi 730,000, na nyingi ni sifuri kwa kuwa si kila bidhaa inauzwa kila siku. Usifungue kolamu kwa kila siku: PostgreSQL mwisho wake ni kolamu 1,600, kwa hiyo haifiki hata miaka mitano.

1. Tengeneza jedwali.

CREATE TABLE mauzo (bidhaa INT, siku DATE, idadi INT NOT NULL, PRIMARY KEY (bidhaa, siku));

2. Ingiza penye mauzo tu. Sifuri usiiandike.

3. Kutafuta wastani. Hapa niliharibu kazi ya watu. Sabuni ya kipande iliuzwa siku 3 tu mwezi wa Juni, vipande 100 kila siku. AVG(idadi), yaani wastani wa idadi, ikatoa 100, maana inagawa kwa mistari iliyopo. Wastani wa siku 30 ni 10. Mwenye duka akaagiza kwa hesabu yangu, makatoni yakaziba mlango wa stoo. Sifuri ambazo hukuziandika lazima uzirudishe unaposoma:

SELECT AVG(COALESCE(m.idadi, 0))
FROM generate_series('2024-06-01'::date, '2024-06-30', '1 day') AS k(siku)
LEFT JOIN mauzo m ON m.siku = k.siku::date AND m.bidhaa = 7;

generate_series inatengeneza orodha ya siku zote za Juni (k), LEFT JOIN inaibakiza kila siku hata kama haina mauzo, na COALESCE inageuza tupu (NULL) kuwa 0. Hiyo 7 ni namba ya sabuni.

Angalia sana: m.bidhaa = 7 inakaa kwenye ON. Ukiipeleka kwenye WHERE, siku tupu zote zinatupwa na unarudi palepale kwenye 100.

MASWALI

– Nimefuata kila kitu, bado napata 100.
– Umeiweka kwenye WHERE. Soma hatua ya 3.

– Mkuu, kama siku hiyo duka halikuhesabu kabisa, si itasomeka sifuri?
– Swali zuri sana. Itasomeka sifuri, na ni uongo. Siku hizo ziandike kwenye jedwali lake, kisha ziondoe kwenye k kwa NOT EXISTS. Hapo kigawanyo kinapungua inavyotakiwa.

– Kwa nini usitumie arei tu (orodha ya thamani ndani ya kolamu moja)?
– Tuseme arei ina vitu 3, ukiandika nafasi ya 1000, zile 996 za katikati zinajazwa NULL. Arei hairuki nafasi tupu.

– Kutafuta kwa siku peke yake kwangu kunachelewa.
– Ufunguo (PRIMARY KEY ya hatua ya 1) unaanza na bidhaa, kwa hiyo haukusaidii sana ukitafuta kwa siku tu. Ongeza indeksi ya (siku, bidhaa).