Likizo ya uzazi Uingereza: chunga sana zile wiki nne za mwisho

Dada zangu mlioko Uingereza, hasa nyie wa kea (kazi za kutunza wazee na wagonjwa) na mahospitalini, hili la lini uanze likizo ya uzazi msimwachie meneja na wala msiwaachie mashangazi wa WhatsApp. Nyumbani tumezoea siku zetu 84 za Tanzania au miezi mitatu ya Kenya, kwahiyo mama zetu ushauri wao ni mmoja tu, piga kazi mpaka uchungu ukushike ili siku zote uzile na mtoto. Mama angu kila akipiga simu ni hilo hilo. Simlaumu, ila mama, huku sheria ina mtego wake.

Mambo ya kawaida haraka haraka: likizo ni wiki 52, mapema kabisa unaweza kuanza wiki 11 kabla ya wiki ya kujifungua, mwajiri unamwambia kabla hazijabaki pungufu ya wiki 15, fomu ya MAT B1 (cheti cha kuthibitisha mimba na tarehe ya kujifungua) unapewa na mkunga mimba ikifika wiki kama 20. Basi.

Sasa mtego. Ndani ya wiki 4 kabla ya wiki unayotarajia kujifungua, ukikosa kazini kwa ugonjwa unaotokana na mimba, hata siku moja, likizo inaanza yenyewe kesho yake, uwe umepanga tarehe gani sijui. Mimi nyonga zilikaza asubuhi moja hata kugeuka kitandani siwezi, nikapiga simu kwamba leo shifti siiwezi, nyonga za mimba hizi, yule wa ofisini sauti ya asali kabisa, pole sana mpenzi, pumzika. Kilichofuata ni imeili ya payroli (ofisi ya mishahara), likizo yako imeshaanza! Na mtoto yuko tumboni anarusha mateke, hana hata mpango wa kutoka. Malipo ni asilimia 90 ya mshahara kwa wiki 6 za kwanza, halafu wiki 33 unapewa kiwango maalumu cha kila wiki (kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 187.18) au hiyo asilimia 90 kama ndio ndogo, sasa piga hesabu, zile wiki 6 nono nyingi zikaishia kwenye sofa mimi nasubiri uchungu.

Narudia, hata siku moja. Na wiki yao inaanza Jumapili, kwahiyo kama tarehe yako ni Alhamisi usihesabu kuanzia Alhamisi, rudi Jumapili ya nyuma yake ndio uhesabu wiki 4 kurudi nyuma. Wengi wananaswa hapo. Mafua ya kawaida hayahusiki, ila miguu kuvimba, presha ya mimba, nyonga, hayo yote yamo. Kuna mameneja wenye utu wanakubali kusamehe siku moja mbili, ila akikubali mwambie aandike, manake Waingereza watu wa adabu sana, watakuchangia kadi na nguo za mtoto, watakuchekea vizuri, lakini kisichoandikwa hakikusemwa.

Dawa yake ni likizo ya mwaka. Wiki hizo 4 zijaze na siku zako za kawaida, unalipwa mshahara wako kamili, uko nyumbani umenyoosha miguu, na hakuna wa kumpigia simu kwamba unaumwa. Omba mapema kabla wenzio hawajazimaliza tarehe. Tarehe ya kuanza uzazi unaweza kuibadilisha ukitoa notisi ya siku 28, na mtoto akiwahi, likizo inaanza kesho yake.

Na nyie mnaoitwa nyumbani kwenye harusi mkiwa na mimba ya wiki 17 mpaka 25 hivi, jamani msichukue ruhusa bila malipo kipindi hicho. Wastani wa mshahara wanaupiga kwenye wiki kama 8 za hapo hapo, ukirudi na payslipu imekonda na pesa ya uzazi inakonda nayo. Waambieni ukweli, mchango tutatuma, kuja hatuji.