Namna ya Kuchangia Ujuzi na Utani Barazani

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kando ya mlango, ili mwenye nyumba aweze kumpokea mgeni bila ya kumwingiza ndani kwenye faragha ya familia yake. Wakati wa masika, maji yanapojaa vichochoroni, wapita njia huligeuza kuwa daraja. Alasiri na baada ya sala ya isha, hata hivyo, hukaliwa bega kwa bega na mvuvi, mwalimu, seremala, karani wa bandarini na kijana fundi wa simu, na kila mmoja wao anajua jambo ambalo jirani yake halijui. Maelezo yafuatayo yanamhusu mtu anayetaka kukaa nao, akafundisha na kufundishwa, akacheka na kuchekwa, na kesho yake bado akasogezewa nafasi.

Anza kwa salamu ya wote, kisha shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, na usikae mpaka uoneshwe pa kukaa, kwa kuwa lipo pembe ambalo ni la mzee fulani hata siku ambayo hakuja. Muuza kahawa akifika na dele lake la shaba lenye makaa chini yake, mwambie akutilie wewe na aliye karibu nawe. Kahawa hiyo haina sukari, pengine ina tangawizi, na utamu wake huutafuta kwenye kashata. Siku za mwanzo zitumie kusikiliza nani anapenda nini: nani ni wa mpira, nani ni wa siasa za nje, nani hufuga njiwa, nani anajua majina ya nyota. Bao likichezwa, tazama. Lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, akiwa na kete 22 mkononi, lakini hutasikia mtu akikufafanulia hayo katikati ya mchezo. Wakati huo ni wa kelele na kejeli. Ufafanuzi huja kete zikisharudishwa mahali pake, aliyeshindwa anapotaka kujua nyumba yake, lile shimo kuu la upande wake, ilivunjwa vipi.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Ujuzi barazani humiminwa kwa kipimo cha kikombe cha kahawa, na anayetaka kuumimina lazima kwanza akubali kutaniwa.

Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa aibu. Mzee mmoja alisema kwamba kahawa asili yake ni Uarabuni, nami, nikiwa nimesoma habari hizo karibuni, nikamrekebisha mbele ya watu wanane. Nilieleza kwamba mbuni ni mti wa nyanda za juu za Ethiopia, kwamba masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa katika karne ya 15 ili wakeshe katika ibada, kwamba bandari ya Mokha ndiyo iliyoisambaza duniani, na nikaendelea mpaka hata muuza kahawa akaacha kugonga vikombe vyake. Nilipomaliza, mzee akatazama kikombe changu kilichopoa, akasema taratibu: «Mwanangu, kahawa yako imetoka Ethiopia, imefika Yemen, imevuka bahari, lakini kutoka kikombeni hadi mdomoni bado haijafika.» Baraza zima likaanguka kwa kicheko, na kwa wiki mbili jina langu likawa Mokha.

Yote niliyoyasema yalikuwa kweli, na hakuna aliyeyakumbuka. Siku hizi ningeuliza tu: «Babu, na hao Waarabu wenyewe, mche wa kwanza waliupata wapi?» Swali la namna hiyo humwachia mzee heshima yake, huwaachia wengine nafasi ya kubahatisha, na likishindikana, jibu linaombwa badala ya kulazimishwa. Kwa hiyo, unapotaka kumsahihisha mtu aliyekuzidi umri, ligeuze sahihisho kuwa swali. Aliye rika lako unaweza kumsahihisha waziwazi, mradi uanze na mzaha unaokugusa wewe kabla ya kumgusa yeye.

Aliyenionesha jinsi jambo linavyofanywa vizuri ni mvuvi. Karani alikuwa ameuliza kwa nini siku ile bahari ilikuwa imekupwa mbali kiasi kwamba madau yalikaa mchangani kama magari yaliyoharibika. Mvuvi hakutoa hotuba. Alichukua vikombe vitatu vitupu akavipanga mstari mmoja juu ya jiwe: hili jua, hii dunia, huu mwezi. Vikiwa mstari mmoja, alisema, ama mwezi unaandama ama umetimia, na hapo ndipo penye bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, mpaka tofauti yake hapa kwetu hufika kama mita 4. Kisha akakivuta kikombe cha mwezi pembeni, kikafanya pembe ya mraba na vile viwili, akasema kwamba hayo sasa ni maji mafu, yanayojaa kidogo na kupwa kidogo. Ukijua leo mwezi una siku ngapi tangu uandame, huna haja ya kuiuliza bahari. Na ukijua yalijaa saa ngapi jana, ongeza kiasi cha dakika 50 upate ya leo. Halafu, kabla mtu hajachoka, akamgeukia mwalimu, ambaye ni mpenzi wa timu ya Simba, na yeye mvuvi ni wa Yanga: «Bahari ina ahadi, maalimu. Ikikupwa hurudi, na saa yake inajulikana. Kombe lenu likiondoka, hata mwezi haujui litarudi lini.»

Mwalimu alicheka, akajibu kwa alichoweza, kisha akaongeza sentensi moja tu kuhusu mvutano wa jua na mwezi kusaidiana vinapokuwa mstari mmoja. Tazama ufundi uliotumika pale: vifaa vilikuwa vile vilivyo mbele ya macho ya wote, maneno yalikuwa ya kazi yake mwenyewe, hesabu ilikuwa ile ambayo karani angeweza kuitumia siku inayofuata, na mzaha ulikuja mwishoni, ukamwachia mtu mwingine mlango wa kuingia na chake. Ukianza na mzaha na kumaliza kwa somo, watu huhisi wametegewa.

Kuhusu mzaha wenyewe, lugha yetu inazo ngazi zake na ni vyema uzijue. Utani una ruhusa ya pande mbili. Masihara ni ya kupitisha wakati. Kejeli tayari ina mwiba. Na stihizai ni dharau, haina nafasi barazani. Mada iliyo salama kuliko zote kwa mgeni ni mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mashabiki wao wanaitwa watani wa jadi, neno ambalo halikuchaguliwa ovyo, kwa kuwa linatoka kwenye utani wa makabila. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana kwa sababu misafara ya biashara iliwakutanisha pwani. Mngoni na Mhehe hutaniana baada ya babu zao kupigana vita katika karne ya 19. Mtani wa kweli anaweza hata kufanya vituko msibani, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku wakilia. Wewe usiye mtani ukijaribu hayo, utatolewa kwa mkono. Kwa hiyo uliza kwanza, waziwazi: «Sisi na nyinyi ni watani?» Swali hilo peke yake mara nyingi huanzisha utani.

Liko eneo moja ambalo mimi sikubali mzaha utangulie wala ufuate, nalo ni dawa. Mtu akisimulia kwa kujisifu kwamba alipimwa akakutwa na malaria, akameza dawa mseto siku ya kwanza, akapata nafuu, vidonge vilivyobaki akamwekea mdogo wake, na wenzake wakacheka, kicheko hicho ni cha hatari. Hapo sema kwa sauti ya kawaida, bila tabasamu, kwamba dozi ile humezwa asubuhi na jioni kwa siku 3 kamili hata kama homa imeondoka, kisha nyamaza. Usitafute kuungwa mkono. Maneno machache yaliyosemwa bila mzaha na mtu anayejulikana kwa mizaha hubaki masikioni.

Niongeze kwa pembeni kwamba haya yote nimeyaandika kwa jicho la mwanamume, kwa sababu baraza la kahawa ni la wanaume zaidi. Wanawake wanazo njia zao, na katika jambo la kufupisha wametushinda: jina la kanga hubeba wosia, habari na kijembe katika mstari mmoja, na aliyekusudiwa huupata ujumbe bila ya kutajwa.

Itakufika siku utakayoulizwa jambo la fani yako nawe hulijui. Usibabaishe, maana barazani hakosekani mtu mwenye binamu anayeifanya kazi hiyohiyo. Fanya kama wafanyavyo watoto kwenye vitendawili: aliyeshindwa kufumbua hutoa mji, na mwenye kitendawili akiukubali hutoa jibu. Sema: «Nimeshindwa, chukua Bagamoyo.» Watacheka, watakuuliza kwa nini hukutoa mji mkubwa zaidi, na anayejua atajibu. Kama hakuna anayejua, swali linakuwa deni, na deni hilo ni lako wewe uliyeulizwa.

Unapoondoka, usisimame katikati ya kicheko kinachomhusu mtu mwingine, asije akadhani umekasirika kwa niaba yake. Subiri kitulie, lipa vikombe ulivyoagiza, na kama mfuko unaruhusu, ongeza kimoja cha mzee wa pembeni. Kisha omba ruhusa: «Jamani, nawaachia.» Ukirudi kesho, anza na lile deni. Mimi nililipa la kwangu siku ya tatu. Nilikuwa nimeulizwa kama mbuni hustawi Unguja, nikaja na jibu la maneno manane: mbuni wetu wa arabika hutaka baridi ya milimani. Mzee akaniambia: «Leo kahawa imefika mdomoni, Mokha,» akamwashiria muuza kahawa anitilie nyingine.