SOMO: Kuvuta pampu ya pumu mpaka dawa ifike kifuani

Mwenye pumu ya mzio akivuta vumbi, chavua au akikaa na paka, misuli ya mirija ya hewa inakaza, na ndani mirija inavimba na kujaa makohozi. Salbutamoli, yaani pampu ya bluu, inalegeza misuli tu, uvimbe haiugusi.

1. Toa kifuniko, chungulia kama kuna uchafu, tikisa. Ikiwa mpya au imekaa siku nyingi, puliza kwanza hewani mara kadhaa.

2. Kaa wima, toa pumzi yote.

3. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Bana midomo kwenye pampu, anza kuvuta pumzi polepole, papo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae. Ukibonyeza mapema, dawa inagonga koo na unaimeza. Ukiona moshi unatoka mdomoni au puani, imepotea hiyo. Spesa, kile kichupa cha plastiki kinachochomekwa mbele ya pampu, inaondoa tabu yote hii. Si ya watoto peke yao, jamani.

4. Zuia pumzi kama sekunde 10. Kabla ya kurudia subiri nusu dakika au zaidi, tikisa tena.

Nafuu huja ndani ya dakika chache na hudumu saa 4 hadi 6.

MASWALI

Nikivuta, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Niache?
– Usiache. Ni kawaida yake, hupita. Ila mwambie daktari kama unatumia propranololi, dawa ya presha na moyo, maana hiyo hukaza mirija.

Ya bluu inanitosha, ingawa naivuta karibu kila siku.
– Basi haikutoshi, mkuu. Uvimbe unaendelea chini kwa chini. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haushauri watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ulizia pampu yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, mfano ile yenye budesonidi (ndiyo steroidi) pamoja na formoteroli (inayolegeza misuli). Ukishavuta, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Nikitikisa nasikia maji ndani. Dawa bado ipo?
– Huwezi kujua hivyo, gesi hubaki hata dawa ikiisha. Fuata kihesabio cha kwenye pampu, au andika kila unapobonyeza.

Na nikivuta nisipate nafuu?
– Hospitali, sasa hivi, hasa kama huwezi kumaliza sentensi. Njiani vuta pulizo moja la pampu ya bluu kila nusu dakika hadi dakika moja, mapulizo yasizidi 10, ukiwa umekaa, usilale.