Somo: Kubadilisha ndoana za chambo bandia ili samoni asiponyoke

Samoni wengi tunaowapoteza huwa wameshanaswa. Mshipi haukatiki wala ufito hauvunjiki. Samaki anapigana kwa dakika kadhaa, anakaribia wavu, anajiviringisha mara moja juu ya maji, kisha mshipi unalegea. Ukikivuta chambo na kukikagua, unakuta ndoana ni nzima na haijapinda hata kidogo. Kwa misimu kadhaa nilidhani tatizo ni wembamba wa ndoana, nikanunua zilizo nene zaidi na nikazidi kuwapoteza, kwa sababu ndoana nene huingia kwa shida. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba kosa lilikuwa katika namna ndoana ilivyoning'inizwa.

Chukua kisamaki cha plastiki chenye ndoana ya ncha tatu tumboni, ukiwazie kikiwa kimebana kwenye taya la samoni. Samaki anapotikisa kichwa na kujizungusha, ule mwili mgumu wa plastiki unaegemea taya na kugeuka mtaimbo: kipete kinachoshika ndoana kinafika mwisho wa mchezo wake, hakina tena pa kugeukia, na nguvu yote ya samaki inatumika kuing'oa ndoana pale ilipochoma. Ndoana ya ncha tatu huongeza hasara hiyo, kwani uwazi kati ya ncha na mti wake, yaani ile sehemu iliyonyooka, ni mdogo na hivyo hushika nyama kidogo, na mara nyingi ncha moja ikiwa mdomoni nyingine hukwama nje ya shavu, zikawa zinang'oana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kazi ya somo hili ni kuweka ndoana ya ncha moja iliyo kali na kuifunga kwa kiungo kinachogeuka kwa uhuru, ili chambo kisipate pa kuegemea.

Vifaa ni vichache: koleo la kufungulia vipete, koleo la kawaida lenye midomo bapa, koleo la kukatia waya, tupa ndogo yenye meno laini na miwani ya kukinga macho. Miwani si pambo, kwa sababu ncha ya ndoana iliyokatwa huruka kama risasi.

Hatua ya kwanza: kuondoa ndoana ya zamani. Kwenye kijiko, yaani chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, na kwenye kisamaki, fungua kipete kwa koleo lake na uitelezeshe ndoana nje. Kwenye chambo chenye jani la chuma linalozunguka, ambacho aghalabu ndoana yake imefungiwa moja kwa moja kwenye kitanzi cha waya, ikate ndoana kwenye tundu lake huku umeifunika kwa kitambaa, na uangalie usiguse waya wenyewe.

Hatua ya pili: kuchagua ndoana mpya. Inayofaa zaidi ni ile iitwayo siwash, yenye ncha moja, mti mrefu kiasi na tundu lililoachwa wazi kiwandani ili mvuvi alifunge mwenyewe. Kumbuka kwamba namba za ndoana hupungua kadiri ndoana inavyokuwa kubwa mpaka kufika 1, kisha huhesabiwa 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, zikizidi kukua. Ndoana ya ncha moja inapaswa kuwa kubwa kuliko ile ya ncha tatu uliyoitoa, ili uwazi wake uweze kukumbatia taya. Kwa vijiko na vyambo vya jani vya samoni aina ya coho, ndoana za 1/0 hadi 3/0 hutosha mara nyingi. Kwa visamaki vikubwa vya kuvulia samoni aina ya chinook, wengi hupanda hadi 4/0 au 5/0. Tazama pia mdomo unaoukusudia. Samoni aina ya sockeye na pinki wana midomo laini inayochanika upesi, hivyo ndoana nyembamba mno huwakata kama uzi. Chinook ana taya gumu, naye anahitaji ukali kuliko unene.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi, kwa hiyo usiiharakishe. Kwenye kijiko, kipete kimoja imara na ndoana moja vinatosha, mradi kipete kiwe na nafasi ya kuiacha ndoana ilale pande zote. Kwenye chambo cha jani, pitisha tundu lililo wazi kwenye kitanzi cha waya, kisha libane polepole kwa koleo bapa hadi midomo ya tundu ikutane. Usilibane kwa pigo moja, kwa maana chuma cha ndoana kimekazwa kwa moto na huweza kupasuka. Likishafungika, jaribu kupenyeza ukucha kwenye ungio. Ukipita, kipete au waya pia utapita siku samaki mkubwa atakapovuta.

Kwenye kisamaki, weka kipete kwenye pete ya tumbo, kisha kizungushio, yaani kile kiungo kidogo chenye matundu mawili yanayozunguka kila moja kivyake, na kwenye tundu la chini la kizungushio ufungie ndoana. Samaki akijiviringisha sasa, kinachozunguka ni kizungushio, na kisamaki kinabaki kinaning'inia bila kuligusa taya. Shika ndoana kwa vidole na uizungushe mara kumi: ikiwa mwili wa kisamaki unafuata, kipete ni kidogo mno au kizungushio kina kutu. Halafu nyoosha ndoana zote kuelekea mbele na nyuma uhakikishe kwamba ya tumbo haishikani na ya mkiani, kama ipo, wala haifikii mshipi. Zikishikana, ondoa ile ya mkiani. Mimi binafsi huiondoa kila mara na sijaijutia.

Hatua ya nne: kijino, yaani ule mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha. Maeneo mengi ya uvuvi wa samoni, likiwemo jimbo la British Columbia nchini Kanada, yanataka ndoana isiyo na kijino, kwa hiyo soma kanuni za maji unayovulia kabla ya kufunga chochote. Kilaze kijino kwa koleo bapa likishikwa sambamba na ncha, kwa mibano midogo. Kisha choma ndoana kwenye kitambaa cha pamba na uichomoe: ikivuta nyuzi, kijino bado kipo.

Hatua ya tano: kunoa. Pitisha tupa kwa kuisukuma kuelekea upande mmoja tu, bila kuirudisha kama msumeno, mpaka ncha iwe na nyuso tatu ndogo. Kipimo ni ukucha wa kidole gumba: weka ncha juu yake bila kuikandamiza na uivute, ikiteleza, noa tena, na ikiganda papo hapo, iache.

Hatua ya sita: kukijaribu chambo majini kando ya mtumbwi au ukingoni. Kisamaki kinachokwenda kushoto hurekebishwa kwa kupinda kidogo sana kitundu cha puani kuelekea kulia, na kinyume chake.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Bila kijino, samaki akiruka hewani si ataitema ndoana?

Jibu: Marahaba. Ataitema ukimpa ulegevu, na hata yenye kijino huitema. Ndoana isiyo na kijino huingia kwa urahisi zaidi kwa kuwa ncha haipanuki nyuma yake, na hivyo huzama mpaka kwenye mkunjo. Weka ufito umepinda wakati wote, na ukiona samaki anataka kuruka, uinamishe ubavuni karibu na maji. Breki ya rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, iachie mshipi taratibu badala ya kumpa samaki kitu kigumu cha kujivuta nacho.

Swali: Mwalimu, samoni mtoni wananigusia chambo tu, hawanasi. Je, niongeze ndoana ya pili?

Jibu: Samoni aliyerudi mtoni kuzaa huwa ameacha kula, hudonoa kwa hasira au kwa mazoea, na mara nyingi hudonoa mkiani mwa chambo. Kabla ya kuongeza ndoana, ongeza kipete cha pili ili ile moja isogee nyuma kidogo, na upunguze kasi ya kuvuta. Usiipeleke mbali sana, kwani utaanza kuwanasa samaki ubavuni, jambo ambalo kwa kawaida hukatazwa na ambalo humwumiza samaki unayetakiwa kumrudisha majini. Ndoana ya pili inaruhusiwa mahali pengine na kukatazwa kwingine.

Swali: Ndugu, nimefuata hatua zote, lakini kisamaki changu sasa kinalala ubavu kinapovutwa kwa kasi.

Jibu: Ndoana ya ncha tatu ilikuwa nzito, nayo ilikuwa inafanya kazi ya chubwi bila wewe kujua. Rudisha uzito huo kwa kuzungushia waya laini wa kulehemu kwenye mti wa ndoana mpya, mizunguko michache kwa wakati mmoja, ukikijaribu majini kila baada ya nyongeza. Kisamaki kikianza kusimama wima na kutikisika sawasawa, kata waya uliobaki na uibane ncha yake ili isichubue mdomo wa samaki.

Swali: Kwa maji ya chumvi, ninunue ndoana za chuma kisichoshika kutu?

Jibu: Hudumu zaidi, lakini samaki akikata mshipi atabaki nayo mdomoni kwa muda mrefu. Mimi hutumia za kawaida zilizopakwa bati na kuzisuuza kwa maji baridi kila jioni. Kinachooza kwanza, hata hivyo, ni vipete, na mahali pa kutazama ni kati ya mizunguko miwili ya waya wake, ambako chumvi hukaa bila kuonekana. Kifungue kwa koleo. Ukiona unga mwekundu humo, kitupe.