Ukipanda Lushoto kutoka Tanga, anzia sokoni

Wengi wetu wa Tanga mjini tukipanda Lushoto kutembea, tunakwenda moja kwa moja Irente, kwenye jabali la kutazamia bonde. Picha mbili tatu ukingoni mwa jabali, chipsi mayai stendi, kisha gari la kushuka. "Waja leo waondoka leo" ni sifa ya mji wetu, kule haifai. Lushoto ulale, hata usiku mmoja, na kabla hujaenda kuitazama milima ingia kwanza sokoni. Soko ndilo litakalokueleza ile milima ni ya nini: nani anailima, anapanda nini, na anahangaika vipi kukifikisha barabarani. Mimi nauza mboga na matunda soko la Mgandini, Tanga mjini, na mzigo wangu mkubwa unatoka huko juu. Ndugu na majirani wakiniuliza namna ya kwenda, nawapa maelekezo haya haya.

Kwanza panga siku. Gulio la Lushoto ni Alhamisi na Jumapili. Siku nyingine soko lipo, utapata nyanya na viazi vyako, lakini watu wa vijijini hawashuki kwa wingi, na hao ndio unaowafuata. Kwa hiyo ondoka Tanga Jumatano au Jumamosi, ulale, uamkie gulioni. Kama nafasi yako ni ya Ijumaa tu, basi teremka Soni, iko njiani, gulio lake ni Jumanne na Ijumaa.

Mwezi nao una neno lake. Plamsi na mapichi hujaa Desemba mpaka Februari, na mimi nikipewa kuchagua nachagua Januari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za vijijini ni utelezi mtupu, na anayetaka kutembea kwa miguu atateseka. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia joto la Ngamiani asidhani khanga ya kujitanda itamtosha usiku. Beba sweta zito na soksi, na viatu vilivyofungwa visivyoteleza. Watoto wavalishe kofia.

Magari yanaanzia stendi ya Kange. Panda la alfajiri, upite Muheza, Segera na Korogwe, ufike Mombo kabla jua halijakaza. Njiani utaona mkonge mistari kwa mistari. Watu wa Tanga tumeuzoea hata hatuutazami tena, lakini mwambie mwanao aliyekaa dirishani kwamba mmea ule ni mgeni hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mashamba yote yale yametokana na hiyo 62. Ukumbuke huo mkonge, utauona tena kesho ukiwa juu yake.

Mombo gari linakata kulia na kuanza kupanda. Ni kama kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Kama gari hukuchafua moyo, kaa viti vya mbele, usile vya mafuta Korogwe, na uwe na ndimu au kipande cha tangawizi mkononi. Usisinzie, maana joto linakuacha ghafla, na migomba inaanza kushuka hadi kando ya lami. Soni maporomoko ya maji yako karibu kabisa na barabara.

Hapo Soni ndipo njia ya Vuga inapoachana na ya Lushoto. Vuga sasa ni kijiji cha kawaida, lakini ndiyo iliyokuwa makao makuu ya wafalme Wakilindi, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu katika karne ya 18 akapokewa na Wasambaa, wenyeji wa milima hii, kuwa mtawala wao. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, utawala wake ulifika mpaka pwani yetu hii. Kwa hiyo mtu wa Tanga anapopanda kule, anapanda kwenda kwa waliowahi kuwatawala babu zake. Watoto wetu wengi hawalijui hilo, na inanisikitisha.

Ukifika Lushoto tafuta chumba kwanza. Nyumba za wageni zipo kuanzia stendi na kuendelea. Kabla hujalipa uliza mambo mawili: maji ya moto yapo saa ngapi, na mablanketi ni mangapi kwa kitanda. Ukiambiwa moja, omba la pili hapo hapo. Jioni zunguka mji, hauchoshi kwa ukubwa. Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya kaizari wao, wakaufanya makao ya wilaya kwa sababu ya ubaridi wake, na Waingereza wakawafukuza mwaka 1916. Majengo ya zamani bado yapo, yenye kuta nene na paa za mteremko mkali, na mengine yangali yanatumika.

Asubuhi sasa. Saa moja uwe sokoni, mizigo ikiwa inateremshwa. Kutoka Ubiri, Magamba na Migambo watu wanashuka na matenga kichwani, bodaboda zimefungwa viroba vya karoti mpaka dereva haonekani mgongo. Kabichi zinarushwa kutoka kwenye gari, mmoja anarusha na mwingine anadaka, na hakuna inayoanguka. Simama pembeni kwanza utazame jinsi vitu vinavyopangwa. Hoho, liki, koliflawa, saladi, njegere: vyote hivi unavyovikuta Mgandini vimechoka kwa joto la safari, hapa bado vina umande.

Salamu kabla ya bei. Mzee mpe shikamoo yake. Asubuhi ukimsalimu mtu kwa Kisambaa, "onga maundo", utaona uso unavyokunjuka, na ukipewa nyongeza sema "hongea", yaani asante. Mgeni anayefika na kuanza kuuliza "hii bei gani, hii bei gani" bila kusalimu anahesabika hana malezi, na bei atakayotajiwa itamfundisha. Kupiga picha omba ruhusa, hasa kwa akina mama.

Ununuzi wa rejareja ni kwa fungu au kwa sado, kopo la kupimia. Bei punguza, ndiyo soko, lakini punguza kwa adabu. Hapa niseme jambo ambalo linaniuma. Wanunuzi wakubwa wamewazoesha wakulima lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, halafu linashonewa kilemba cha juu, mkulima analipwa gunia moja wakati ametoa karibu moja na nusu. Sheria ya vipimo inakataza, na bado inafanyika. Mimi nanunua kwa mizani, na anayekwenda kununua mzigo naomba afanye vivyo hivyo. Wewe mtembezi unayenunua viazi vya nyumbani, ukibishana kwa dakika kumi juu ya mia mbili, kumbuka yule dada ameanza kutembea kutoka kwake kungali giza.

Plamsi zina namna yake ya kuchagua. Tazama ngozi: tunda ambalo halijashikwashikwa lina ungaunga mweupe juu, na ukipitisha kidole unafutika, unabaki mstari mwekundu unaong'aa. Kama fungu zima linang'aa, limepita mikono mingi au limefutwa ili livutie. Halafu bonyeza kidogo karibu na kikonyo. Linalobonyea ni la kula leo, pale pale. La kupeleka Tanga liwe bado gumu na rangi imekwisha kushika, joto la Segera kuja huku litamalizia kuivisha. Kijani usichukue, halitaiva, litanywea tu.

Kisha nenda upande wa vyungu, na hapo usiwe na haraka. Ufinyanzi katika milima hii ya Usambara ni kazi ya wanawake. Chungu kinajengwa kwa mikono, kinalainishwa, kinakaushwa, kinachomwa kwa moto wa wazi. Mabaka meusi utakayoyaona ni pale moto ulipogusa, si kasoro. Mama mmoja ninayenunua kwake akiniona nageuzageuza huniambia, "Mwanangu, usitazame weusi, sikiliza." Anakiweka kwenye kiganja, anakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinatoa mlio mkavu unaoendelea kidogo. Chenye ufa, hata usioonekana, sauti yake inakatika. Baada ya hapo kiinue juu, mdomo uelekee kwako, utazame ndani ukiwa umekabili jua: mwanga ukipenya hata kwa tundu la sindano, kirudishe. Ukikifikisha nyumbani kiloweke usiku kucha, halafu chemsha ndani yake maji ya unga kwa moto mdogo, uyaache yapoe humo humo. Nguru wa nazi akipikwa kwenye chungu cha Lushoto, jamani, hutaki tena kumwona kwenye sufuria.

Sasa ndiyo uende Irente. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini. Panda bodaboda kwenda na urudi kwa miguu, ndivyo ninavyowashauri wenye watoto na wenye magoti. Mwenye nguvu atembee kote kuwili, saa moja na nusu kila upande kwa mwendo wa kuzungumza. Njiani kuna shamba la Kanisa la Kilutheri wanakouza mkate, jibini na jemu wanazotengeneza wenyewe, simama ule hapo.

Ukiwa unatembea tazama mashamba yalivyokatwa vidaraja kwenye mteremko, na majani ya kulishia ng'ombe yaliyopandwa kingoni ili udongo usishuke. Hayo yana historia chungu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta milimani, mpango ulioanzia Mlalo mwaka 1946. Ilikuwa kazi ya amri, juu ya kazi zote walizokuwa nazo, na watu waliupinga mpaka ukaachwa kabla ya uhuru. Leo mkulima anachimba mwenyewe kinga maji yake kwa hiari, kwa sababu kabichi yake inategemea udongo ule ubaki pale. Ukishaongea sokoni na aliyeilima, mteremko ule huutazami tena kama picha ya kalenda.

Kwenye jabali fika alasiri, asubuhi ukungu mara nyingi huziba kila kitu. Andaa hela ndogo ya kiingilio. Hakuna ukuta wa kuzuia, na upepo wa ghafla upo, kwa hiyo mshike mtoto mkono na wala usirudi nyuma ukijipiga picha. Chini yako kabisa ni Mazinde, barabara kuu, reli, na ule mkonge uliopita kando yake jana, sasa ni mistari myembamba. Ng'ambo yake nyika inakwenda mpaka macho yachoke. Mazinde ndiko Semboja, mwana wa Kimweri, alikojikita baada ya baba yake kufariki mwaka 1862. Misafara ya kutoka Pangani ilipita pale tambarare, na aliyekaa njiani alipata bunduki na bidhaa. Vuga huku juu ikapoteza nguvu. Yaani hata ufalme uliyumba kwa kufuata biashara ilipohamia.

Mwenye siku ya ziada aende Magamba, msitu wa hifadhi juu ya mji, akawaone mbega weusi wenye mikia myeupe. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho kutoka ofisi za utalii mjini, usimfuate tu kijana anayekukamata stendi. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo kwenye simu, na kitambulisho chako cha taifa kitakupatia bei ya Mtanzania. Vaa mikono mirefu.

Kurudi, mzigo ndio wa kuangaliwa. Viazi na karoti viende kwenye buti, vikiwa kwenye kiroba chenye jina lako na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nzito. Kabichi zifungwe na majani yake ya nje, usiyabandue sokoni. Chungu kijaze nguo ndani, kizungushie sweta ambalo sasa hulihitaji, ukae nacho miguuni. Plamsi zipangwe kwenye tenga dogo au boksi lenye matundu, zisizidi tabaka tatu, majani ya mgomba katikati ya kila tabaka, na uzibebe mapajani. Kondakta akikwambia zitakaa salama juu ya keria, mshukuru na ukatae. Kuanzia Mombo fungua kifuniko zipate hewa, na ukifika Kange usizifungie tena: zitandaze usiku ule ule sakafuni, juu ya gazeti, zilizobonyea upande wako na ngumu upande wa ukuta, uwe unakula kwa zamu zake.